Kanuni ya Vifuniko Vinavyojikaza

Jumatatu, 3 Machi

Leo maisha yangu yamepata mwelekeo. Mwalimu wa sayansi ametangaza kwamba Jumatano ya wiki ijayo kila mmoja wetu ataleta darasani kitu alichokitengeneza nyumbani, kitu kilichobadilika kikawa kitu kingine. Atakayemridhisha atakabidhiwa ufunguo wa maabara hadi mwisho wa mwaka. Mwalimu huyu tunamwita Mizani kwa sababu hupima kila neno kabla ya kulitoa. Neno "ufunguo" alilipima muda mrefu sana.

Ufunguo! Mwenye ufunguo hufungua maabara wakati wa mapumziko, hupanga vioo vya majaribio, hufuta meza, na hakuna anayemuuliza kwa nini yuko peke yake. Mimi wakati wa mapumziko husimama karibu na bomba la maji nikijifanya nina kiu. Mwaka huu nimekunywa maji mengi mno.

Mpinzani ninaye mmoja tu: Msemaji, anayekaa dawati la mbele yangu. Anatengeneza sabuni. Ameshamwambia kila mtu, hadi mlinzi wa getini. Sabuni! Nilicheka moyoni.

Mimi ninacho kitabu. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, hakina hata jalada. Kinafundisha wanaoanza namna ya kutengeneza bia nyumbani. Jioni nikamweleza Mama mpango wangu. Mama hakusimamisha cherehani. Akasema bia haitapikwa nyumba hii na mtoto wa shule, tena mtoto ambaye hata chai huiunguza. Bibi, aliyekuwa akifunga dirisha nililotoka kulifungua, akasema mwacheni mke mwenzangu, tushukuru hajaomba kutengeneza baruti.

Sawa. Nitafuata njia ya bia, lakini nitengeneze kinywaji cha tangawizi chenye mapovu. Kazi ya hamira ni ileile. Kitabu kitanisamehe.


Jumanne, 4 Machi

Tayari! Kitabu kinasema adui wa kwanza wa anayeanza ni uchafu, wa pili ni haraka. Basi ndoo nimeisugua hadi Bibi akauliza kama kuna mtu amefia humo. Nikaparuza tangawizi, na kidole kidogo. Nikachemsha na sukari, nikakamua ndimu, nikangoja ipoe iwe vuguvugu, maana maji ya moto huua hamira. Kisha hamira. Sehemu ya sukari niliichoma kwanza mpaka ikawa rangi ya udongo, kwa sababu kitabu kinavisifu sana vinywaji vyenye rangi. Nikachuja kwa kipande cha bitana alichonipa Mama.

Nimepata chupa sita za plastiki zilizokuwa za soda. Tano nimezipanga chini ya meza ya Mama ya kukatia nguo. Moja nimeificha uvunguni mwa kitanda changu, ya akiba.

Kitabu kimesisitiza jambo moja: siku za mwanzo kifuniko kiachwe kimelegea. Hamira ikila sukari hutoa hewa, na hewa isipopata pa kutokea, chupa itatafuta pa kupasukia. Nimevilegeza vyote. Sikumwambia mtu. Mwanasayansi hatangazi mapema. (Pia sikujua maelezo niyaanzie wapi.)

Bibi amepita akifunga kopo la sukari, chupa ya mafuta, debe la unga na mlango. Ndivyo alivyo. Kwake yeye kitu kilichoachwa wazi ni kuwaita mende kwa majina yao. Hata nikisoma nikasahau mdomo wazi, huja akanifunga kwa kidole.


Jumatano, 5 Machi

Jambo la ajabu! Nimerudi kutoka shule nikakuta vifuniko vyote vitano vimekazwa. Si kidogo. Vimekazwa hasa! Chupa zimekuwa ngumu kama jiwe. Nikavilegeza kimoja kimoja, kila chupa ikashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu.

Ya uvunguni imelegea vilevile nilivyoiacha.

Labda nilivikaza mwenyewe nikasahau. Watu wenye akili nyingi husahau.


Alhamisi, 6 Machi

Sikusahau! Asubuhi nilichukua chaki ya Mama ya kuchorea nguo, nikapiga mstari kutoka kwenye kifuniko hadi shingo ya chupa. Nimerudi: mistari imeachana. Vifuniko vimezunguka.

Wakati wa chakula nilijikaza nikauliza kama kuna mtu anayechezea chupa zangu. Mama akasema ana gauni la bi harusi mkononi, bi harusi mwenyewe ananenepa kila anapokuja kupimwa, wa kuchezea chupa ni nani? Bibi akasema yeye ameshazeeka, hachezei kitu. Kisha akanitoa mwiko mkononi na kuifunika sufuria niliyokuwa bado napakua.

Niliwaamini. Ni watu wakweli.

Basi limebaki jibu moja, na nimelipata mimi. Ndani ya kila kifuniko kuna mtaro unaozunguka. Hewa ya hamira ikipanda huusukuma mtaro huo, kifuniko huzunguka, kinajikaza chenyewe! Na ile ya uvunguni? Iko gizani. Kumbe mwanga nao unahusika! Kila kitu kinaingia mahali pake. Nimesoma vitabu vyote vya sayansi kwenye maktaba ya shule, hata kile cha magonjwa ya kuku, na hakuna kilichowahi kulitaja jambo hili.

Nimeipa jina: Kanuni ya Vifuniko. Kinywaji sasa ni jambo dogo tu la pembeni.


Ijumaa, 7 Machi

Nilikusudia kunyamaza. Lakini Msemaji aligeuka akanionyesha kipande cha sabuni yake, akaniambia ninuse, akaniuliza mimi naleta nini, au naleta yale macho yangu tu. Nikajibu kwamba nimegundua kanuni mpya. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nikamweleza yote, kwa siri, nikamwomba asimwambie mtu.

Kufikia mapumziko shule nzima ilikuwa inajua. Mlinzi wa getini aliniita Profesa.

Mizani alinisimamisha ukumbini. Akapima. Akasema angependa sana kukiona kifuniko kinachojikaza. Nikakiambia kiatu chake kwamba atakiona.


Jumapili, 9 Machi

Nimefungua chupa moja kuionja. Nilisahau kwamba kanuni yangu ilikuwa imeikaza. Povu lilipanda likaangukia karatasi za vipimo za Mama, zile za gauni la bi harusi. Mama alikaa akizitazama. Ingekuwa nafuu angenifokea. Baadaye akasema lau kinywaji hicho kingekuwa mume, angekirudisha kwao leo hii.

Kilichosalia Bibi alikinywa chote. Akasema ni kitamu, kinapiga chafya ndani ya pua. Akanirudishia chupa tupu. Alikuwa ameifunga.

Zimebaki nne za maonyesho na moja ya uvunguni. Zinatosha. Kanuni haihitaji wingi.


Jumanne, 11 Machi

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Nilipotazama macho yangu mwenyewe niliona haya, nikaimalizia nikiwa nimegeuka ukutani. Ukuta umesikiliza vizuri sana.

Nimeshaamua pia nitakavyoipanga maabara. Vioo virefu nyuma, vifupi mbele. Kiti changu karibu na dirisha. Kesho!


Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa nimetulia kabisa.

Niliamka nikafunga chupa kwenye kapu na kuondoka. Ile ya uvunguni niliisahau. Msemaji alitangulia kuonyesha. Alieleza habari ya mafuta na magadi kwa maneno ambayo yangetosha kumwozesha mtu, kisha akapitisha sabuni yake, watu wakanusa. Mizani akasema inanukia, ila sabuni hupimwa kwa uchafu, na hapa uchafu hakuna. Msemaji akakaa. Nilihisi ufunguo ukisogea upande wangu.

Nikapanga chupa zangu nne kwenye meza ya dirishani, penye mwanga. Nikavilegeza vifuniko mbele ya wote. Nikaiambia meza kanuni yangu, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka neno. Kisha nikasema tusubiri.

Tukasubiri.

Vifuniko havikuzunguka. Msemaji akauliza, kwa upole kabisa, kama labda vinataka kubembelezwa. Darasa likacheka. Nikasema vina haya ya wageni. Nilidhani ni hoja nzuri.

Hapo mlango ukagongwa. Bibi! Amevaa vile viatu vyake vya kwendea hospitali, mkononi ameshika chupa ya uvunguni. Akamsalimia Mizani, akasema samahani mwalimu, alikuwa anafagia akakikuta hiki, mjukuu wake angesahau hata kichwa kama hakingeshikiliwa na shingo. Tena alikikuta wazi, akakikaza vizuri kisimwagike njiani.

Kisha akaiona meza yangu.

Akasema, "Jamani, mke mwenzangu! Ndiyo unaacha vitu wazi hivi mbele za watu?"

Akapita chupa hadi chupa, akikaza. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu akafunga kabati la darasa, kalamu ya mwalimu iliyokuwa mezani, na dirisha.

Msemaji akasimama akasema, "Mwalimu, kanuni imewasili."

Sijawahi kusikia darasa likicheka vile. Mizani mwenyewe aligeukia ubao mabega yakimtikisika. Alipogeuka alimuuliza Bibi kama huwa anafanya hivyo nyumbani pia. Bibi akasema kila anapopita, sasa afanyeje, na nyumba nzima hakuna mwingine anayejua kazi ya kifuniko? Akanitazama, akaniuliza kwani ni vibaya? Nikamwambia hapana, Bibi. Akanifuta uso kwa kiganja chake, ingawa haukuwa na kitu.

Mizani akasema, basi, tuonje. Alisema kwa wema. Alichukua chupa iliyokuwa karibu naye, ile aliyoileta Bibi. Iliyokazwa hasa. Iliyotikiswa njia nzima, juani.

Nilitaka kumwonya. Maneno yalifika kooni yakapanga foleni.

Povu liligonga dari. Liliporudi, lilirudia kwa Mizani. Shati lake lilikuwa jeupe. Niliyakumbuka maelezo ya kitabu kuhusu rangi.

Msemaji hakungoja kuitwa. Alikimbia bombani na sabuni yake, akarudi na ndoo, akasugua kifua cha mwalimu mbele yetu huku akitoa maelezo. Doa lilififia, likapungua, likatoweka! Watu wakapiga makofi. Mizani akalitazama shati. Akapima. Akatoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi Msemaji, akasema uchafu sasa umepatikana.

Chupa nne zilizobaki zilifunguliwa taratibu, nje, na Bibi. Zilikwisha zote. Watu wa dawati la nyuma walirudi kuuliza kama ipo nyingine. Msichana mmoja ambaye hajawahi kuniambia chochote aliniuliza hamira inatiwa kiasi gani. Nilimjibu. Niliutazama mkono wake, lakini nilimjibu.

Nimekaa nikafikiri sana. Nakubali kwamba Bibi aligusa vifuniko. Lakini mkono wa Bibi ukishaingia, jaribio linaharibika, na jaribio lililoharibika halithibitishi wala halikanushi. Kwa hiyo kanuni yangu haijashindwa. Imecheleweshwa.


Jumatano, 19 Machi

Tangu Ijumaa sijasimama bombani. Siku hiyo Msemaji alinifuata pale wakati wa mapumziko, akaniuliza hiyo kiu yangu haina tiba? Akasema maabara ikiwa na mtu mmoja ni kama nyumba ya matanga, yeye hawezi kukaa na vioo visivyojibu, twende. Nikaenda. Yeye anaongea, mimi napanga. Virefu nyuma, vifupi mbele. Kiti cha dirishani amesema ni changu, yeye hukaa juu ya meza.

Lakini nisipoteze muda na hayo. Kuna jambo kubwa.

Sabuni ya Msemaji, ile iliyoshinda, imewekwa kwenye kabati la maabara kama kumbukumbu. Tangu Jumatatu inapungua! Kabati liko mbali na maji. Msemaji anaapa hajaigusa, na mtu anayeropoka siri za wenzake hawezi kuficha ya kwake. Nikajikaza nikamuuliza Mizani, ambaye ana ufunguo wa pili. Akapima muda mrefu kuliko siku zote. Akasema hajamwona mtu yeyote akiichukua. Ninamwamini. Ni mtu mkweli, na siku hizi ni msafi ajabu: shati lake leo lilikuwa jeupe hadi linaumiza macho, na ananukia vizuri kabisa. Hata soksi zake zilikuwa zimeanikwa kwenye dirisha la maabara.

Basi limebaki jibu moja. Sabuni ikikaa mbali na uchafu, hukosa kazi, ikaanza kujila yenyewe. Hakuna kitabu kilichowahi kulisema!

Nitalitangaza Jumatatu mbele ya shule nzima. Kwa sasa nimemwambia Msemaji peke yake, kwa siri, na nimemwomba asimwambie mtu.