Seva Itazimika Saa Nne Kamili

Jumatatu, 3 Machi

Cheo kimetangazwa! Kiwanda chetu cha mikate kinataka mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo kizima ni watu wawili: mimi, na yule dada tunayemwita Kimya kwa sababu hasemi mpaka aulizwe. Mama Mkurugenzi katuita asubuhi, katueleza bila hata kuweka kikombe chini: mmoja atakuwa mkuu, mwingine mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Kisha akatutakia kazi njema. Moyo wa huruma, mama yule.

Mimi siwezi kukikosa cheo hiki. Si kwa tamaa, la hasha. Ni kwamba mama mkwe nilishamwambia tangu mwaka jana kuwa mimi ndiye mkuu wa mitambo. Na leo jioni kaja kutukalia wiki nzima. Kakaa kwenye kiti changu, kaniita mkuu mara tatu kabla ya chai. Mke wangu alikuwa anatazama dari.

Kazi ya kupimwa nayo nimepewa mimi: kuweka programu ya kuchunga seva, ili ikitaka kuzimika tujue mapema. Seva ndiyo inayochapa orodha za mikate, duka gani lipate mingapi, gari gani lipeleke. Inachapa saa ngapi, sijui. Mimi hufika saa mbili na nusu na kuikuta imeshachapa.

Jumanne, 4 Machi

Seva yenyewe ni ya Linux. Hakuna picha, hakuna vitufe, skrini nyeusi tu inayopepesa kialama kana kwamba inakusubiri ukosee. Nikaandika amri ya kwanza. Ikajibu kuwa sina ruhusa. Mimi! Mkuu mtarajiwa! Nikairudia kwa herufi kubwa, ikakataa tena.

Nikapata ruhusa, programu ikadai iwekewe programu nyingine kwanza. Hiyo nayo ikadai yake. Hadi mchana nilikuwa nimeweka vitu kumi na kimoja, na sita kati yake sijui ni vya nini. Kimya akapita na waya zake mkononi, akasema kwa upole kuwa kaka, mstari wa pili wa maelekezo unasaidia. Nikamjibu kuwa nimeshausoma zamani. Kisha nikaenda msalani na simu, nikausoma. Ikakubali mara moja! Yule dada ni mjanja sana, wa kumchunga kuliko seva.

Mwisho programu ikauliza: hitilafu ikitokea, nimjulishe nani? Nikaandika namba yangu. Na asipopokea ndani ya robo saa? Hapo nikaweka namba ya Mama Mkurugenzi. Aone mwenyewe jina la nani liko juu ya lake.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Seva ni nzima. Kila kitu kijani. Nimekaa mbele ya skrini tangu asubuhi nikisubiri hata kakosa kadogo, wapi! Kimya kaitunza miaka mitatu bila kumfikiria mwenzake. Nani atampandisha mtu cheo kwa sababu ya rangi ya kijani?

Nikawaza. Shujaa hahitaji afya, anahitaji ugonjwa. Kesho saa nne asubuhi Mama Mkurugenzi ana kikao na wakuu wote, nami nitakuwepo kuionyesha programu. Basi saa nne kamili, programu ya orodha izimike! Simu yangu ilie mbele yao. Nisimame taratibu. Niseme wasiwe na hofu. Dakika tano, kila kitu kimerudi. Mkuu kapatikana!

Seva ina sehemu ya kuipangia kazi za baadaye. Safu moja ya dakika, safu moja ya saa. Dakika, 0. Saa, 4. Mtoto mdogo angeweza. Halafu nikatayarisha kabisa taarifa ya ushindi kwenye simu, ijitume yenyewe kwa Mama saa nne na dakika tano. Simu ina picha ya saa, nikasogeza mishale ikae ninavyoiona ukutani kila siku saa nne. Raha.

Kimya akaniuliza nacheka nini, na kama ningependa mtu anipitishie macho nilichopanga. Nikamwambia aendelee na waya zake. Usiku simu nimeizima sauti na kuifukia kabatini chini ya soksi, maana shujaa anatakiwa alale.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeula wa chuya.

Nimeamka saa moja, fresh kabisa. Shati jeupe. Nikamkuta mama mkwe mezani na chai kavu, uso umemshuka. Mke wangu kazunguka maduka matatu, hakuna mkate. Mama mkwe akataka kujua mkuu wa mitambo ana maelezo gani. Nikamwambia mkate na mitambo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nikaenda kuchukua simu chini ya soksi.

Ujumbe sabini na mmoja. Simu kumi na nne za Mama Mkurugenzi. Programu ya orodha ilizimika saa kumi kamili alfajiri, na kumbe saa kumi alfajiri ndiyo saa magari yanapakiwa! Programu yangu ya kuchunga ikaniita. Ikasubiri robo saa. Ikamwamsha Mama Mkurugenzi. Ikaniita tena, ikamwita tena. Maisha yangu yote sijawahi kuweka kitu kikafanya kazi vizuri hivyo.

Nimefika nikamkuta msimamizi wa magari, tunayemwita Honi, amekauka koo. Magari ishirini na mawili yalimsubiri bila orodha, mengine yakarudi na mzigo wake, mengine akayagawia kwa kichwa. Shule ya chekechea imepata mikate elfu moja na mia mbili. Hospitali imepata kreti moja. Kimya ndiye aliyeitwa na Mama, akaja na ndala zake, akamaliza kazi kwa dakika nne. Dakika nne! Mimi nilikuwa nimeomba tano.

Saa nne nikawa nimesimama ofisini kwa Mama Mkurugenzi. Kikao kimeahirishwa kwa heshima yangu. Nikamweleza kuwa alfajiri yote nilikuwa napambana kutoka nyumbani, bega kwa bega na Kimya, ila mtandao ndio ulioniangusha. Nilianza kuona anaelekea kuamini. Simu yake ikalia. Akaisoma kwa macho, kisha akaisoma kwa sauti: kwamba seva imezimika dakika tano zilizopita, kwamba nimeigundua mwenyewe na kuirudisha peke yangu, na kwamba kwa masikitiko makubwa Kimya hakuonekana. Akaisoma mara ya pili, taratibu zaidi. Kimya alikuwa amekaa pale pale, na ndala zake.

Kisha Kimya akaweka karatasi mezani. Amri ya kuzima, jina langu, saa 4. Akanieleza bila hata kupandisha sauti kuwa mashine inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 4 yake ni saa kumi alfajiri, na saa nne yetu ya asubuhi yenyewe inaiita 10. Nikasema basi mashine ndiyo yenye kasoro, inafanyaje kazi na watu bila kujua saa za watu?

Ijumaa, 7 Machi

Kimya ndiye mkuu. Mimi nilitakiwa niondoke leo leo, ila Kimya kaniombea. Kamwambia Mama kuwa programu niliyoiweka iliita kama inavyotakiwa, na aliyeiweka apewe nafasi. Nimehamishiwa stoo ya unga. Nikifanya kazi safi, mkataba utaongezwa. Kosa moja tu jingine, namwaga unga. Honi aliposikia kacheka mpaka kakaa chini, eti nisiumwage ule wa kwenye magunia.

Kunisamehe vile ni dharau kubwa. Nitaikumbuka.

Nyumbani mke wangu kachoka kutazama dari, kasema yote. Mama mkwe kasema njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Nimeona aibu, sitaficha. Nilitaka siku moja tu aniite mkuu na iwe kweli. Ameongeza wiki nyingine, amfariji binti yake.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo si pabaya! Kuna kompyuta moja ya Linux, ndiyo inayoendesha king'ora cha moto na mabomba ya maji ya darini. Imeachwa mikononi mwangu. Nimeishikashika siku nzima huku akili inachemka.

Kesho ni siku kubwa. Wakaguzi wa mteja mpya wanakuja saa mbili asubuhi, Kimya na Mama Mkurugenzi watawatembeza, na wataanzia hapa stoo, katikati, chini ya mabomba, wauone unga. Hayo ni ya wakubwa, hayanihusu. Mchana saa nane Mama atarudi peke yake kukagua kazi yangu. Hapo ndipo pangu! Saa nane kamili king'ora kinalia, maji yanaanza kumwagika, mimi naruka, nafunga koki kwa mkono, unga umeokolewa. Mkataba huo!

Makosa ya wiki iliyopita nimeyatafakari kwa kina. Kosa lilikuwa kutumia seva. Safari hii natumia kompyuta ya stoo, ndogo, tulivu, tumeshaelewana. Kimya alipita jioni akauliza kama kuna chochote cha kupitishia macho. Nikamwambia hakuna.

Mama mkwe nimemwambia kesho akae tayari kupokea habari njema. Simu iko chini ya soksi. Dakika nimeandika 0. Saa nimeandika 8, nikaikagua mara mbili, ni 8 kweli.