Atelier Bila Patron

Jumatatu, 4 Machi 1957

Leo nimefunguka macho! Mimi, Hilaire Nsanzimana, fundi wa suruali, nimekunja mugongo miaka kumi na moja ndani ya duka la Bwana Delvaux karibu na bandari ya Goma, na sikujua kama mimi ni mufungwa.

Mekanisiyen mumoja, fundi wa mashini za meli, Mubelgiji wa kule kwenye migodi ya makaa, amenipa kijitabu kwa sababu nilimushonea mufuko uliopasuka. Amesema nisimuonyeshe mutu. Nimekisoma mpaka ukurasa wa tisa. Kina kurasa arobaini, lakini mutu mwenye akili hana haja ya kumaliza. Neno lenyewe ni hili: mwenye mashini ndiye mwenye siku za mutu. Kweli kabisa! Mashini ya Delvaux. Uzi wa Delvaux. Suruali ya Delvaux. Changu nini? Maumivu ya kiuno.

Basi nimeamua. Tutafungua atelier bila patron: chumba cha mafundi kisicho na bwana. Nimewaambia wenzangu wawili wa dukani. Yuma, ambaye wazee wake walitoka Maniema na ambaye kwa kanzu hana mupinzani, amesema atafikiri kisha ya swala. Damascène, fundi wa matundu ya vifungo, amekubali papo hapo. Damascène anakubali kila mutu.

Kinachokosa: mashini.

Jumanne, 5 Machi

Mashini isiyo na patron ninaijua moja tu. Ni ya mama mukwe wangu, Mukamugema wa Kibati. Alilima viazi misimu sita ili aipate. Heshima hainiruhusu kubishana na mama mukwe, kwa hiyo nimemutuma muke wangu Léoncie. Kwanza nikamufundisha: chombo cha kazi kiwe cha yule anayefanya kazi.

Léoncie akauliza kama sufuria na jembe pia ni vyombo vya kazi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama basi ni vyake. Nikamuambia kijitabu bado hakijafika jikoni. Labda kuanzia ukurasa wa kumi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeacha kazi! Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzito, lakini Delvaux alikuwa amepanda meli kwenda Bukavu. Nikamusomea kapita wake, musimamizi wetu wa kazi, muzee Ndagijimana. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesema vizuri, akaomba nirudishe makasi.

Tena akaniuliza juu ya buku yangu ya kazi. Mutu asiye na sahihi ya patron, polisi akimukuta Goma anamurudisha kijijini. Nikamujibu kwamba mutu huru haombi sahihi. Wakati wa kurudi nilimuona polisi mbele, nikapita nyuma ya nyumba za watu. Kunyoosha miguu tu.

Wenzangu nao wameacha. Yuma alinishika bega: «Hilaire, nina watoto wane. Unajua unachofanya?» Nikasema ninajua.

Ijumaa, 8 Machi

Jibu la mama mukwe: mashini itakuja, lakini haina desturi ya kutembea peke yake. Ameshuka leo juu ya kamyo ya viazi. Yeye, mashini, na mbuzi. Amechukua kitanda chetu.

Jumatatu, 11 Machi

Siku kubwa! Tumefungua, ndani ya sebule yangu. Mukutano wa kwanza umenichagua président. Mutu aliyeleta jina langu ni mimi. Damascène akapiga mikono.

Nimeeleza sheria. Hapa hakuna patron. Président hashoni, kwa sababu lazima awaze kwa ajili ya wote. Yuma akauliza: yule asiyeshona na anayeamuru wanaoshona, kwa Delvaux tulimuita nani? Nikasema kapita. Akasema aaa. Aliivuta ile aaa mpaka sindano yake ikaingia kitambaani.

Mama mukwe ameketi pembeni na kikapu chake. Ananipima kwa macho tu. Jambo hili linanitisha.

Jumatano, 13 Machi

Kazi imeingia! Élisabeth, mukubwa wa korali ya misioni, ameleta kitambaa cheupe: kanzu kumi na mbili za Pasaka. Nimepata wazo la kuongeza nguvu. Kengele! Ikilia mara moja, kushona. Mara mbili, kunywa maji. Kati ya hapo hakuna kuongea, hakuna kuimba. Nimewaambia uhuru bila nidhamu ni kelele tu.

Kisha ya chakula cha saa sita sikuiona kengele. Nikaisikia nje. Mama mukwe ameifunga shingoni mwa mbuzi. Kila mbuzi alipokula jani, Damascène alisimama kunywa maji.

Alhamisi, 14 Machi

Grève! Ndani ya atelier yangu! Yuma na Damascène wameweka sindano chini. Léoncie naye ameacha kupika. Hata mama mukwe ameondoa mukanda wa mashini na kuutia kikapuni.

Nimewafundisha kwa upole kwamba pasipo na patron hapawezi kuwa na grève. Yuma akajibu, naye kwa upole: «Kama hakuna patron, basi sisi tumegomea nani, Président?»

Nimetafuta jibu ndani ya kijitabu. Ukurasa wa kumi una maneno marefu.

Nimejaribu kushona mwenyewe kwa mukono. Kanzu moja imepata mikono mitatu. Nyingine nimeishona pamoja na suruali niliyovaa. Na hapo hapo, bila hodi, akaingia polisi! Ametaka mabuku ya kazi ya wote. Akauliza: nani mwenye mahali hapa?

Nataka niandike kwamba nilisimama. Nilijaribu, kweli. Kanzu ya korali ikanivuta chini. Kichwani nikaona watoto wane wa Yuma wanapanda kamyo kwenda kijiji wasichokijua, na sababu ni mimi.

Aliyesimama ni mama mukwe. «Mashini hii ni yangu. Hawa ni watoto wangu. Tunashona nguo za Mungu, na yule aliye chini ni président wetu, anapima kanzu.» Damascène alikuwa ameshaona kifungo cha polisi kinaning'inia, akakishona papo hapo. Yuma akamuletea kiti. Polisi akatupa siku tatu tutafute barua ya kuonyesha tunamufanyia nani kazi, akaenda.

Hakuna aliyenicheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Yuma alichukua makasi, akanikata polepole kutoka ndani ya kanzu.

Jumamosi, 16 Machi

Élisabeth ameongea na padiri. Barua tumeipata: sisi ni mafundi wa misioni, na padiri ametia sahihi kwa kila buku. Nimeshika yangu mara nyingi leo.

Mukutano wa pili. Mama mukwe ameongea. Alisema alinunua mashini ili asimuinamie mutu, na haoni faida kama sasa watu watamuinamia yeye. Iwe ya wote, mradi naye awe mumoja wao. Kila mutu sauti moja. Léoncie pia, kwa sababu anayetulisha anashona pamoja nasi. Kufagia kwa zamu. Pasi ya makaa kwa zamu. Urais kwa zamu, juma moja moja, na président ashone kama wengine. Wote wakainua mikono. Damascène aliinua miwili.

Nikauliza kwa sauti ndogo maneno haya wameyatoa wapi. Yuma akashangaa. «Si ni wewe uliyetuambia, ndugu yangu? Sisi tulikuamini tu.»

Machozi yalinitoka. Nimewaambia ni moshi wa pasi.

Jumapili, 24 Machi

Juma zuri. Kanzu kumi na mbili zimekwisha, kila moja na mikono miwili. Zamu yangu ilikuwa kufagia, na nimefagia vizuri. Tumekula viazi na maharagi wote pamoja. Mama mukwe akanipakulia wa kwanza, akaniita mwanangu. Nina furaha. Nimekuwa mutu mupya, mwenye kujifunza.

Kisha ya misa nimewakuta wamama wanaobeba viazi kwa kichwa kutoka Kibati mpaka sokoni. Wametumwa na tajiri anayewangoja chini ya kivuli! Damu ikachemka. Nikawasimamisha barabarani, nikawaeleza uhuru wao. Waungane! Wabebe kwa ajili yao wenyewe! Walinisikiliza bila kushusha mizigo, na wawili walitikisa kichwa kadiri mizigo ilivyoruhusu.

Chama kama hicho kitataka mutu mumoja asiyebeba, wa kuangalia njia na kuwaza kwa ajili ya wote. Nimejitolea. Lakini kutoka Kibati ni mbali, na mutu akichoka miguu hawazi vizuri. Nyuma ya misioni kuna tipoye ya zamani, kile kiti ambacho wakubwa walikaa wakibebwa mabegani mwa watu wane. Miti yake bado mizima. Kesho nitamuuliza padiri kama ina mwenyewe. Wamama wane watatosha.