Ngumi Niliyorusha Ukweni Homa Bay

Leo nimejivua nguo ukweni. Nguo zenyewe pia nilivua, lakini hapo tutafika.

Wale mnanijua mlisikia nilikuwa naenda Homa Bay kwa kina Akinyi kwa sababu ya ayie. Kwa wale si Wajaluo, hiyo ndiyo siku mama ya msichana anasema neno moja tu, "ayie", yaani nimekubali. Akinyamaza, unarudi kwenu Migori vile ulikuja.

Sasa shida ilikuwa mwili wangu. Mimi ni futi sita na inchi nne, kilo mia na kumi (asubuhi, kabla ya chai). Jana Akinyi alinipigia simu. "Mama ameona picha yako ameshtuka. Anauliza, huyu mtu siku moja akikasirika amwinulie mtoto wangu mkono, nani atamwokoa?"

Nikamwambia mimi hata kuku sijawahi kuchinja.

"Mimi najua, yeye hajui. Kesho kaa mpole. Usiongee, wacha jagam aongee."

Jagam ni mshenga, na wangu ni Baba Mdogo Okello. Kutoka kwetu Suna alinipa sheria moja tu: nikiulizwa kitu, nitabasamu. Nilifanya mazoezi ya kutabasamu mpaka tukapita Rongo, hadi mashavu yakauma.

Tulifika vizuri. Viatu tukaacha mlangoni, kwa sababu ile sakafu nyekundu ilikuwa imesuguliwa na kung'arishwa mpaka unaona uso wako. Mimi nilikuwa na soksi mpya za nailoni. Hizo soksi mzikumbuke.

Mama alitusalimia kwa umbali, vile desturi inataka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani ovyo, hata kiti chake hukikalii. Akaketi kando ya mlango wa jikoni, akanipima kwa macho kutoka kichwani hadi kwa soksi. Nikatabasamu. Hakutabasamu.

Baba ya Akinyi ni mzee mfupi, mwembamba, ana kofia ambayo nadhani analala nayo. Baba Mdogo alikuwa anasifu ukoo wetu, kila kitu kinaenda sawa, mzee akaangalia mabega yangu na kusema polepole:

"Huyu angekuwa bondia. Lakini mabondia wakubwa wa siku hizi hawajui ngumi. Ni nyama tu."

Jamani. Ngumi ni ugonjwa wangu. Pale kinyozi Suna kuna watu hatusalimiani mpaka leo kwa sababu ya huu mjadala. Baba Mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikatabasamu. Mzee akaendelea, eti bingwa wa enzi zake, na kilo zake tisini na kidogo, angewalaza hawa wa leo wote kabla chai haijapoa.

"Mzee, samahani," nikasikia mtu akisema. Huyo mtu alikuwa mimi.

Nikamwambia wa leo ni watu wa futi sita na inchi tisa. Kilo mia na ishirini. Mkono peke yake unafika kwako wakati mkono wako bado uko njiani. Huyo bingwa wa zamani angepigana na nani, na kitovu?

"Wa zamani walienda raundi kumi na tano," mzee akasema. "Hao wako wanahema wakifika ya sita."

"Ya sita watafika kufanya nini? Yeye amelala tangu ya kwanza!"

Baba Mdogo sasa alikuwa ananikanyaga na miguu yote miwili. Akinyi akaingia na beseni la maji ya kunawa, akasikia sauti yangu, akaliweka chini miguuni mwa mama yake na kushika kichwa. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya kochi, akasimama katikati ya nyumba.

"Simama, kijana. Wewe ndiye wa leo, mimi ndimi wa zamani. Rusha."

"Mzee, siwezi kukurushia ngumi."

"Kumbe unajua hutanipata."

(Hapo ndipo alinimaliza.)

Nikasimama. Nikasema nitarusha polepole, ya kushoto, ya mfano tu, ikome mbali na sikio lake, ndio aone urefu wa mkono. Nikaweka mguu mbele na kurusha. Mzee hakurudi nyuma hata kidogo. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo.

Ngumi ikapita. Nikaifuata. Ile sakafu na zile soksi zikaelewana bila kuniuliza. Nilimpita mzee, nikapita meza, nikapita Baba Mdogo akisema "Yesu". Mguu mmoja ukaingia kwenye beseni, maji yakanirukia yote, na nilipofungua macho kichwa changu kilikuwa kimelala kwenye mapaja ya mama mkwe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaona vile Akinyi ataolewa na mtu mwingine, mtu wa kimo cha kawaida, asiyejua ngumi ni nini.

Walinipa suruali ya mzee nibadilishe. Ilinifika chini kidogo ya magoti, kifungo kikakataa kabisa. Nikarudi kukaa mbele ya wakwe hivyo, mkono mmoja umeshika kiuno, na safari hii kutabasamu kulikataa.

Baba Mdogo akakohoa. Akaomba msamaha kwa niaba ya ukoo wote, walio hai na waliolala, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama mama ana neno.

Mama akajipangusa maji kwenye leso.

"Mimi nilikuwa naogopa mkono wa huyu mtu," akasema. "Nilikuwa nakosa usingizi. Leo nimeuona. Mzee wangu magoti yanamsumbua na bado hakuguswa. Huyu akimkasirikia Akinyi, mtoto wangu atakuwa na nafasi ya kufunga mlango, kupika na kula."

Akamgeukia mume wake. "Ayie."

Basi watu wangu, nimepata mke kwa sababu ngumi yangu haifiki. Naandika haya tukirudi, nikiwa bado ndani ya suruali ya mzee. Na wewe unayecheka hapo, sahani yako ya harusi nimeshaifuta kwenye orodha.