Dresa Aliyeagwa Mapema

Jumatatu, 4 Novemba 1957

Mimi! Mimi Danson wa Kulesa, dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Garsen, ndiye niendaye Kampala! Habari imekuja asubuhi kwa simu ya upepo ya polisi. Mkutano wa madresa wa Afrika Mashariki, wiki ya tatu ya mwezi huu, na huku kwetu atoke mtu mmoja. Bwana Daktari kanitaja mimi. Nzai, dresa wa Tarasaa, hakutajwa. Nimelitamka jina la Nzai kila nilipoosha sindano, na kila mara likazidi utamu.

Sijawahi kupita Malindi. Miaka yote hii maji ya Tana yanaenda zake, mimi nabaki na vidonda vya watu. Kuna siku nikiyatazama roho inauma kabisa.

Tamar, mkunga wetu, alinipa mkono, akasema Mungu ni mwema. Kisha akasimama mlangoni akiangalia mto. Nilimwuliza kama anaumwa. La, anawaza tu.

Lori la Malindi ni Jumamosi, mvua ikipenda. Sasa, kwetu mtu hasafiri bila kuaga nyumba kwa nyumba, na hakuna nyumba imwachayo msafiri aende mikono mitupu. Wenzangu husubiri siku ya mwisho, wakaaga nyumba mbili tatu mbio mbio. Wajinga! Mimi naanza kesho kutwa. Tamar akasema usikate mbeleko mwana hajazaliwa. Nikamjibu hayo ni maneno ya wakunga.

Jumatano, 6 Novemba

Kuaga kumefana! Kuku, mayai, mchele, samli. Kwa rafiki yangu Dukicha, Muorma mwenye ng'ombe wengi kule karibu na uwanja wa ndege, walinikaangia buni kwa samli, nikatafuna, nikaombewa dua mpaka nikahisi nimekwisha fika.

Tatizo ni kwamba kila zawadi ina mkia. Mama Kadzo, muuza mahamri, alitoa jogoo, lakini anataka sufuria. Sabdio, mke wa Dukicha, alitoa samli, lakini anataka kitambaa cha rangi ambayo hapa Garsen haipo, na jina lake halijui. Nikiiona nitaijua, asema.

Tamar hakuwa na kitu cha kutoa. Aliomba nimtazamie jambo moja. Amesikia Kampala kuna ziwa ambalo ukisimama ukingoni ng'ambo huioni. Yeye kazaliwa ukingoni, na ng'ambo ameiona kila siku ya Mungu. Basi nitazame vizuri, nirudi nimwambie kama ni kweli. Alisema hivyo polepole, macho chini. Nilitaka kumshika mkono. Lakini mkononi nilikuwa nimeshika jogoo.

Jogoo tumemla jioni, mimi na tumbo langu.

Alhamisi, 7 Novemba

Bila cheti cha kuchanjwa ndui sivuki mpaka. Na dresa hajitilii sahihi mwenyewe. Nani wa kunichanja? Nzai! Nimekwenda Tarasaa kwa baiskeli, nusu ya njia nikiibeba mimi, kwa matope.

Alinipokea kwa adabu nyingi, nikajua kuna jambo. Akaniuliza naandika kwa mkono upi. Nami, mjinga wa Mungu, nikasema wa kulia. Akachanja wa kulia, taratibu, kama anayelima shamba la mpunga. Ndiyo sababu ya mwandiko huu.

Nilipoondoka alisema anaombea njia ikauke. Uso wake haukuwa wa sala.

Jumamosi, 9 Novemba

Aibu. Aibu! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Garsen nzima ilitoka kuniaga tena. Vigelegele! Nilivaa koti la kuazima kwa mwalimu, ambalo mikono yake inanifika kwenye kucha. Nilibeba sanduku la bati na kikapu cha kambare wakavu, maana nimeambiwa Uganda ni ndizi asubuhi, ndizi jioni. Tamar alisimama nyuma ya watu wote. Hakupunga mkono. Aliniangalia tu, nami nikaangalia ziwa lake lote machoni mwake.

Kabla ya Tarasaa, mto umevunja ukingo na kumeza barabara. Lori likazama mpaka tumbo. Dereva akasema basi, mpaka Mungu akaushe. Abiria wakageuka kurudi Garsen kwa miguu, wakicheka.

Wao warudi, lakini mimi? Mimi nimeagwa! Nimepigiwa vigelegele! Jogoo wa Mama Kadzo nimemla! Kwetu ukishaagwa umeagwa. Ukionekana tena watoto watakuimba mpaka uzeeni. Nikawaambia abiria mimi naendelea kwa miguu, Kampala hainingoji. Wakanipigia makofi. Nikatembea kama askari, maji magotini, mpaka wakapotea machoni. Kisha nikakata vichakani, nikazunguka, nikatokea bomani kwa Dukicha.

Dukicha alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwapisha asimwambie kiumbe yeyote kwamba niko hapa. Akaapa, wallahi. Muorma huyu akiapa ameapa. Njia itakauka siku mbili tatu, nami nitaondoka kimya kimya. Mpango hauna tundu.

Jumapili, 10 Novemba

Nimejificha katika kibanda cha Sabdio, nyuma ya mikeka, pamoja na ndama. Maziwa asubuhi. Maziwa mchana. Kambare wangu Sabdio amewatupa nje, eti wananukisha vibuyu vyake vya maziwa, anavyovifukiza moshi kila siku.

Upepo ulileta nyimbo za kanisani. Sauti ya Tamar naijua hata katikati ya sauti mia. Niliimba naye, chini chini, ndama akinilamba sikio. Ajabu ya moyo huu! Wiki nzima uliitamani Kampala. Leo unaitamani Garsen, na Garsen naiona kwenye tundu la mkeka.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Na balaa. Tamar amekuja hapa hapa!

Alikuja kumpima Darmi, binti ya Dukicha, ambaye siku zake za kujifungua zimekaribia. Wamekaa upande wa pili wa mkeka. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Sabdio, kwa uchokozi wake, akamwuliza kama hamkumbuki yule dresa. Tamar akasema kila jioni anakaa ukingoni akihesabu Danson amefika wapi. Leo yuko Mombasa, kesho yuko kwenye treni. Akasema anamwonea wivu, na pia anamkosa, na hajui lipi linamuuma zaidi.

Nilikohoa. Sabdio akasema ni ndama.

Nilitaka kutoka. Wallahi nilitaka! Mguu mmoja ulikwisha inuka. Lakini nitatoka vipi, na samli niliyopakwa na Sabdio kichwani, na yeye kanifikisha Mombasa? Nikaketi tena. Nampenda Tamar. Basi, nimeandika.

Jumanne, 12 Novemba

Mchana kulinguruma angani. Ndege ndogo ya serikali! Dukicha na wachungaji wakatoka mbio kuondoa ng'ombe uwanjani. Mimi nikadhani ni wakubwa wamekuja kutazama mafuriko. Nilijifunika koti, nikalaani kelele, nikalala.

Dukicha alirudi jioni, akachezea mswaki wake mdomoni muda mrefu. Kisha akasema. Ndege ilikuja kunichukua mimi.

Mimi! Bwana Daktari alisikia njia imekatika, akaomba ndege, akaja mwenyewe. Aliniulizia. Mji mzima ukamjibu kwa fahari kwamba Danson hayupo, kaondoka kwa miguu Jumamosi, wao wenyewe wamemuaga. Mama Kadzo akaonyesha hata njia.

Nilimwuliza Dukicha na yeye alisema nini. Akasema yeye alikuwa amenyamaza, si aliapa? Nilimwambia kuna viapo na kuna akili. Akasema Muorma akiapa hachagui.

Mawingu yalikuwa yakija, rubani hakutaka kungoja. Bwana Daktari akauliza nani mwingine wa zahanati ana cheti cha ndui, nafasi isipotee. Tamar alikuwa nacho. Alichanjwa mwaka juzi, akakitunza. Kwa safari gani? Hakuwa na safari yoyote. Alikuwa nacho tu. Akapanda na aproni yake nyeupe na kanga moja, bila kuaga mtu hata mmoja.

Kabla ya mlango kufungwa alicheka, akamwambia Dukicha kwamba Danson atashtuka kumwona Kampala.

Anakwenda kunitafuta! Nimekwenda uwanjani peke yangu. Majani yalikuwa bado yamelala kwa upepo wa ndege, na ng'ombe wamerudi wanayala. Nikalia, na sijali nani aliniona. Hakuna aliyeniona.

Jumatatu, 25 Novemba

Njia imekauka. Jana niliibuka kutoka vichakani nimevaa koti, nikatangaza nimerudi. Nikasimulia treni, magorofa, hotuba yangu. Sufuria ya Mama Kadzo niliinunua Tarasaa. Alifurahi. Sabdio alikataa kitambaa, akasema rangi siyo, na kwamba Kampala yangu anaijua vizuri.

Leo lori limemleta Tamar. Watu wakamzunguka, wakamwuliza kama tulionana huko. Nzai naye alikuwepo, shingo imemrefuka. Tamar akaniangalia. Akasema Kampala ina watu wengi, lakini alinitafuta kila siku. Kweli tupu. Nzai akanywea.

Zahanatini, tulipobaki wawili, akanusa koti. Moshi wa vibuyu vya maziwa, akasema. Nami nikamweleza yote, hata ndama. Hakukasirika. Alicheka, halafu machozi yakamtoka kidogo. Akasema ni kweli: ziwa halina ng'ambo. Alikaa ukingoni mpaka akakosa chakula cha mchana. Jambo moja tu lilimuuma, hakuwa na mtu wa kumwambia tazama.

Kisha akanipa habari. Mkutano wa mwakani ni Unguja, dresa na mkunga, wawili wawili. Bwana Daktari amemwachia yeye achague wa kwenda naye. Amenichagua mimi! Kwa sharti moja: nisiage mtu yeyote mpaka niwe nimeketi ndani ya chombo nacho kimeondoka. Nimeapa kwa Biblia, mkono wake juu ya wangu.

Na sitaaga! Nimekoma. Nitakaa kimya kama ndama.

Isipokuwa Dukicha, maana nimekunywa maziwa yake wiki mbili. Na Sabdio, apate muda wa kuikumbuka ile rangi. Na Mama Kadzo, ambaye nimeona ana jogoo mwingine, mkubwa kuliko yule. Na Unguja si karibu, na mwaka hukimbia.

Kesho alfajiri naanza na Nzai. Nataka tu kuona uso wake.