Kopo la Kuonjea

Masoudi wa Mbinga mjini hakuwahi kuiba maishani mwake. Vitu vya watu ndivyo vilivyokuwa na tabia ya kumfuata. Na ndivyo lilivyomfuata kopo la mtafiti.

Mtafiti mwenyewe, dada mpole aitwaye Scholastica, alikuja kupaka vitasa na meza za zahanati moja mpako mpya wa polima: unaua bakteria wanaougusa, haumdhuru binadamu, haubanduki kwa kufutwafutwa. Bado naujaribu, alisema waziwazi. Masoudi, aliyembebea maboksi kwa pikipiki, alisikia nusu ya maneno, na nusu hiyo ilimtosha. Maboksi yote yalishuka. Kopo moja likabaki chini ya koti lake.

Akatafuta mbao mbili za kukatia samaki, akapaka moja. Akazisugua zote usipa wabichi, wale dagaa wa ziwani, akazifunga kwenye nailoni, akaziweka juani. Kesho yake ile tupu ilinuka mpaka paka wa jirani akabadili njia. Iliyopakwa ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Mtu mwingine angelirudisha kopo mbio. Masoudi alikwenda dukani kununua vanishi.

Tusimlaumu sana. Mpako wa kweli unataka miaka ya maabara; wa uongo unataka gundi na karatasi yenye picha ya daktari. Kopo la kweli lilikuwa la kuonyeshea, ya vanishi yalikuwa ya kuuzia. Aliulinda mtaji huo kama jicho lake, maana bila kopo lile angekuwa muuza vanishi tu, tena wa bei ya kuruka.

Akashuka ziwani, Kihagara, kwa Kunigunda, mama wa biashara ya usipa, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetuletea nini?"

"Nimekuletea pumziko. Paka vichanja vyako mara moja, miaka kumi hakuna harufu. Usipa hata wasipokauka vizuri, hawaozi!"

Hilo la mwisho Scholastica hakulisema hata usingizini. Lakini masika yalikuwa yamegoma kuisha, usipa hawakauki, na Kunigunda alikuwa na shida zake.

"Hata wasipokauka?" akauliza taratibu.

"Haki ya Mungu."

Mbao mbili, zikiwa zimesuguliwa usipa wabichi tena, zikalala kwa Kunigunda. Asubuhi akanusa ya kwanza, akatema mate. Akanusa ya pili, akaita wenzake. Kisha akainama kwenye makopo yaliyofungwa, akanusa mifuniko pia, mmoja baada ya mwingine. Masoudi akaona huo ni ushamba tu.

"Nachukua makopo kumi," alisema Kunigunda. "Hela sina. Chukua usipa, magunia matatu."

Masoudi akafungua gunia. Usipa wakavu, weupe wa fedha, wanavunjika mkononi. Akamshukuru Mola, akapakia kwenye pikapu ya kukodi haraka haraka, asije mama akazinduka.

"Na nyongeza?" akauliza Kunigunda.

Sasa, pwani ile padri anaweza kusahau sadaka, lakini mnunuzi hasahau nyongeza. Muuzaji asiyeitoa, watu wanajua kipimo chake kina walakini.

"Chukua la kumi na moja, mama yangu!"

"La nini? Nyongeza ni kwenye kile nilichoonja. Nipe hilo lililofunguliwa."

Masoudi akalisogeza kopo nyuma yake. "Hili ni nusu, mama. Naona aibu kukupa nusu."

"Mimi sina aibu. Lete."

Kina mama wakaacha kuanika. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona anang'ang'ania hilo? Kwani hayo mengine yana nini?"

Swali baya kabisa. Masoudi akatazama magunia, akatazama kina mama na miti yao ya kugeuzia usipa, akalitoa kopo. Moyo ulimuuma kama aliyeng'olewa jino. Njiani akajiliwaza: magunia matatu si haba.

Kabla hawajafika Mbinga, dereva alikuwa anaendesha kichwa nje ya dirisha. Masoudi akafungua gunia hadi chini. Juu, shubiri moja ya usipa wakavu. Chini, wabichi, wameoza, wanatembea kwa funza.

Kesho yake akarudi Kihagara kwa hasira. Kunigunda alikuwa ufukweni kando ya mtumbwi unaong'aa kuliko madhabahu ya Pasaka, makopo kumi matupu miguuni.

"Mama! Usipa wako wameoza!"

"Pole, baba. Si una dawa? Wapake."

Ufukwe mzima ukaangua kicheko.

"Vanishi yako lakini ni nzuri," aliendelea. "Nilikuwa naitafuta tangu Krismasi, mbao za mtumbwi zilikuwa zinakunywa maji. Usipa wale nao nilikuwa nawaza pa kuwatupa."

"Basi nirudishie kopo langu la nyongeza!"

"Lako? Chini ya kopo kuna namba ya simu ya mwenyewe. Wewe hukuwahi kuligeuza?"

Nyuma ya mtumbwi akainuka Scholastica, kopo mkononi. Kunigunda alikuwa amempigia, na sasa walikuwa wanajaribu mpako kwenye kichanja kimoja, bila ahadi za miaka kumi.

"Kaka Masoudi!" alisema dada yule kwa upole uleule. "Umekuja wakati mzuri. Maboksi yangu yako kule juu barabarani."

Kina mama wakamtazama, miti mikononi. Masoudi akaenda kubeba. Kunigunda alimfuata nyuma, hatua kwa hatua.

"Koti," akamwambia, "utaniachia mimi nikushikie."