Godoro Golini

Jumatatu, 3 Machi
Nimechaguliwa! Mimi ndiye msimamizi wa usalama wa wachezaji katika klabu yetu. Hakukuwa na mgombea mwingine, lakini kuchaguliwa ni kuchaguliwa. Jumamosi mkaguzi wa shirikisho anakuja kuangalia uwanja. Tukifeli, fainali itahamishiwa kwa wapinzani, na dada yangu, ambaye miguu haimruhusu kusafiri, hatamwona mwanawe akicheza. Mpwa wangu ndiye mshambuliaji wetu. Haki ya nani, simwangushi dada yangu.

Muuguzi wa timu ameshauri tuokote mawe, tufukie mashimo na vijana wapashe misuli moto. Kumbe kasomea kuokota mawe!

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Milingoti ya goli ni ya chuma, mtu anaweza kupasuka kichwa. Nimeufunga mmoja kwa godoro la chumba cha wageni. Mke wangu hajui.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu amejua. Mama mkwe kafika bila taarifa. Yeye na bintiye wamelala kitandani kwetu, mimi sakafuni sebuleni. Mgongo wangu hauna msimamizi.

Mazoezini mpwa wangu alipiga shuti kali, likagonga godoro na kudondoka papo hapo. Kipa alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Ardhi ni ngumu mno kuangukia. Nimefungulia bomba uwanjani, nikaliacha wazi. Muuguzi hata hajawaza hilo!

Ijumaa, 7 Machi
Uwanja umekuwa bwawa. Bata wa jirani wamehamia. Muuguzi alikuja na koleo, akawapanga vijana wachimbe mifereji. Nilijiandaa kutukanwa. Akaniambia tu, kwa upole, "Kaka, wewe funga bomba, mengine tuachie."

Iliniuma kuliko matusi. Nimefunga bomba.

Jumamosi, 8 Machi
Maji yamekauka, ila pembeni ya goli pamebaki tope. Mkaguzi, mzee asiyecheka, alikunja uso kila hatua. Nikatangulia mbio nimwonyeshe godoro. Nikateleza! Kifundo cha mguu kikalia kama kijiti kinachovunjika.

Kufumba na kufumbua muuguzi alikuwa kando yangu. Barafu, bendeji, machela, na vijana wakanibeba bila hata kunitikisa. Mkaguzi alisema amezunguka viwanja vingi, hajaona majeruhi akihudumiwa vizuri namna ile. Tumepita!

Muuguzi alinishika bega, akasema nimewatisha. Yule mama ana moyo. Nampenda kama ndugu, ila asijue.

Jumapili, 9 Machi
Tumeshinda fainali! Mpwa wangu kafunga, dada yangu amelia mbele ya watu wote bila haya. Mimi nilitazama nikiwa kitini, mguu juu ya ndoo, machozi yakinilengalenga.

Watu wanamsifu muuguzi. Sawa. Lakini aliyeanguka ni nani? Na jana nilianguka bila maandalizi. Mwakani mkaguzi akirudi, navunjika mkono kwa mpango.