Kiyoyozi Ndani ya Banda la Kuku

Jumatatu, 4 Machi

Joto! Shati limenigandia mgongoni tangu asubuhi. Mama mkwe amepasuliwa macho, na daktari kaagiza akae chumba chenye ubaridi mpaka apone. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, kawahi kujipendekeza: kwake kipo kiyoyozi, tena chenye kibali cha manispaa. Kibali chenyewe kakitundika sebuleni! Mke wangu kasema wazi kwamba mama akienda huko, na yeye anamfuata kumuuguza. Mimi nibaki na nani?

Mashine nimekwishanunua. Nikaenda manispaa mbio. Karani akanieleza taratibu polepole, kama anayemfundisha mtoto kuoga: mkaguzi kwanza, kibali baadaye, kutoboa ukuta mwisho. Mkaguzi atakuja Ijumaa. Mama mkwe anakuja Alhamisi! Nikamshukuru karani, nikatoka nikiwa nimeshaamua kuanzia mwisho.

Jumanne, 5 Machi

Fundi kaja, kauliza kibali kiko wapi. Nikamjibu kiko njiani. Akasema vibali vya njiani anavijua sana, ila mkaguzi akitokea, yeye hanijui wala mimi simjui. Akatoboa. Vumbi mpaka kwenye sukari! Kipande kimoja cha mashine kiko ndani, ukutani juu ya kitanda cha wageni. Cha pili uani, kinanguruma na kupuliza joto. Mke wangu akasimama chini ya ubaridi, akatabasamu. Nilikuwa nimelisahau tabasamu hilo. Kisha nikaikumbuka Ijumaa. Kutulia? Thubutu!

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Mkaguzi anatafuta mashine, hatafuti kuku. Mashine ya uani nimeijengea banda: mbao, wavu, mlango mdogo. Nimejigonga kidole gumba, nikamlaumu mwanyumba. Kuku nimeazima kwa jirani wa mtaa wa pili. Aliuliza kuku wanaazimwa kwa kazi gani. Nikamwambia wabadili hewa kidogo. Mashine ya ndani nimeifunika kwa picha yetu ya harusi. Mke wangu akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanamke huyu na methali zake!

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe kafika, kaletwa na mwanyumba kwa gari. Mwanyumba akazunguka uani, mikono nyuma, akauliza nimeanza lini ufugaji. Nikasema ni wito.

Mama mkwe akalala chumba cha ubaridi, akaniombea dua mpaka nikaona haya. Nilitaka kumwonya asimwambie mgeni habari za mashine. Lakini utamwambiaje mkweo akusaidie kusema uongo? Nikajikohoza, nikamuuliza kama ameshiba.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Mkaguzi kaja mapema. Nimemzungusha uani, namwonyesha mahali ninapokusudia, Mungu akijalia, kuweka mashine. Anatikisa kichwa kuafiki. Mashine nimeshaizima, kuku wametulia. Ndipo mama mkwe akaita dirishani, kwa fahari zote, kwamba mgeni asiungue jua, aingie ndani, mkwe wake kamwekea ubaridi wa kifalme. Akabonyeza rimoti.

Banda likanguruma. Manyoya! Kuku mmoja akapanda begani kwa mkaguzi. Ndani, picha ya harusi ikaanguka chali.

Mkaguzi akajipangusa, wala hakufoka. Akasema mahali penyewe panafaa kabisa, ningengoja angenipa kibali leo hii. Sasa mashine izimwe, isiguswe mpaka arudi Jumatano. Na banda livunjwe, maana mtaa huu kuku hawaruhusiwi.

Hata pikipiki ya mkaguzi haijakata kona, mwanyumba huyo! Mama mkwe kiti cha mbele, mke wangu nyuma na begi lake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nilitakiwa kungoja hadi leo. Angenigombeza ingeniuma kidogo.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba kimya. Nimepika chai ya watu wawili, nikainywa yote kwa hasira. Nimemkumbuka mke wangu, nasema kweli, hata na methali zake.

Kapiga simu. Kasema kazi yangu ni moja tu: nizime, nikae, ningoje Jumatano. Kibali kikitoka, yeye na mama wanarudi siku hiyo hiyo. Nikamwapia.

Lakini mtu anakaaje tu? Nimekaa barazani, nimesimama, nimekaa tena. Nikawaza, na kosa langu nimeligundua: kuku! Kiumbe hai hakitunzi siri. Banda nimelivunja kama nilivyoamriwa. Pale pale nimeweka tangi la maji, kubwa, jeusi. Nimelikata upande wa ukutani, mashine ikaingia kama imepimwa. Nimeiwasha kidogo, kwa majaribio tu. Hakuna unyoya hata mmoja!

Mkaguzi na aje. Kitanda cha mama nimeshakitandika.